Mfarishi wa Mkwe wa Pili

Wifi yangu aliichukia pamba kama watu wengine wanavyowachukia panya. Alisema pamba ni ya kujazia wanasesere. Ukiitia ndani ya mfarishi, ikifuliwa mara mbili tatu hujikusanya pembeni kama watu wanaosengenya, na katikati, pale panapokaa kifua cha mlalaji, kinabaki kitambaa juu ya kitambaa. Kwa hiyo yeye, aliyekuwa mshona mifarishi, kati ya vitambaa vya juu na bitana ya chini, alitia blanketi kuukuu. Mtaa ukampa jina la Bi Pamba, kwa kuwa pamba haikupata kuvuka kizingiti chake, na jina likamganda hivi kwamba wateja wapya walidhani ndilo alilopewa na wazazi.

Ninaandika habari zake kwa sababu wengine wameshazisimulia, tena vibaya. Wanasema familia yetu ilimlaza mwali chini ya damu. Wanasema tulikwenda kwa mganga. Mume wangu, ndugu yake Bi Pamba wa tumbo moja, hayupo tena kuwajibu, na mimi niliyebaki na jina lake sitaliacha liburutwe sokoni na watu ambao siku ile hawakuwa uani. Haikuwa damu, ilikuwa rangi. Mganga hakuwepo. Lililokuwepo lilikuwa blanketi, na lenyewe lilitosha.

Kwanza niieleze kazi, maana bila kazi hiyo mambo mengine hayaeleweki. Mteja alikuja na blanketi lake mwenyewe, lililotoboka katikati au kuliwa na nondo, pamoja na vitambaa vya mabaki. Bi Pamba hakulipokea ndani. Alilipokelea uani, akalikung'uta, akalinusa, akalitumbukiza kwenye pipa lililokatwa nusu na kuwekwa juu ya mawe matatu, likachemka na sabuni ya mche. Maji ya kwanza yalimwagwa, yakaja ya pili, yakaja mengine, mpaka yatoke meupe. Mteja mmoja, mke wa mtu mkubwa, alipata kumwambia kwamba blanketi lake halihitaji hayo, ni safi. Bi Pamba akamtazama toka kichwani hadi viatuni.

"Safi? Basi tulipike, tuone mchuzi wake."

Mchuzi ulitoka wa kahawia. Mke wa mtu mkubwa aliangalia pembeni, na hata hivyo mwaka uliofuata alirudi na blanketi jingine.

Blanketi la sufu likichemshwa namna hiyo husinyaa, hutapika rangi yote isiyoshika, na hupoteza harufu ya mwenyewe. Ndicho alichokitaka. Lililokwisha kusinyaa halitasinyaa tena ndani ya mfarishi na kukunja uso wa juu. Lililokwisha kutoa rangi halitachafua kitu. Likikauka alikata sehemu zilizochakaa, akaziunga zilizobaki kingo kwa kingo, zikutane bila kupandana, ili mlalaji asisikie tuta ubavuni. Ndipo alipotandika bitana kwenye sakafu ya sebule, blanketi juu ya bitana, vitambaa juu ya blanketi, akapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza, kuanzia katikati kwenda nje, na kushona kwa mkono akiwa amepiga magoti. Kila mteja alipokuja kuchukua kazi yake aliambiwa maneno yale yale: "Mfarishi wangu hauogopi maji ya moto."

Yalikuwa kweli. Ninao mmoja kitandani kwangu mpaka leo.

Sehemu ngumu ya kazi ilikuwa kukamua. Blanketi lililolowa ni zito kama mtu aliyelala, na mtu mmoja haliwezi. Wawili hushika ncha, huyu akizungusha kulia na yule kushoto, mpaka maji yaishe. Kwa miaka mingi ncha ya pili ilishikwa na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana huyo alikuwa fundi saa, mtu wa kuinamia vitu vidogo, mpole kiasi cha kuudhi. Mkewe alikuwa kinyume chake. Alicheka kwa sauti, alimtania mama mkwe mchana kutwa, na wale wanawake wawili walikuwa wakikamua blanketi huku kila mmoja akimwambia mwenziwe kwamba hana nguvu, mpaka mmoja ateleze kwenye maji ya sabuni akae chini. Bi Pamba hakuwa mtu wa kupenda ovyo. Nadhani aliwapenda watu wawili duniani, na mwanawe alikuwa wa pili.

Yule mkwe aliugua kifua, na msimu wa baridi ulipoingia hakuamka tena kitandani. Alifunikwa blanketi jekundu la sufu, zito, ambalo mimi mwenyewe nilimpa alipoolewa. Bi Pamba alimsugua dawa ya kifua asubuhi na jioni, ile yenye kafuri, mpaka chumba chote na blanketi lenyewe vikanuka kafuri. Alikufa humo. Baada ya mazishi nguo zake ziligawiwa ndugu zake. Blanketi halikuonekana, na hakuna aliyeuliza. Nani huuliza blanketi?

Fundi saa alikaa na ujane wake kimya, na akina mama wa ukoo, mimi nikiwa mmojawao, tuliona haifai. Nyumba isiyo na mtoto, mwanamume anayerudi jioni kukaa na mama yake wakitazamana. Tulimtafutia mke wa heshima, naye hakukataa, kama ambavyo hakuwahi kukataa chochote. Huyo mke wa pili alikuwa msusi. Alisukia watu barazani kwa jirani, alikuwa na vidole vyepesi na pua kali, na kila alipopita aliacha harufu ya mafuta ya nywele. Nilimpenda. Alijua kusalimia na alijua kunyamaza.

Bi Pamba alimpokea kwa adabu, na adabu ile ilikuwa ukatili ambao sijauona tena. Hakumtukana hata siku moja. Alimwita "mgeni". Alimwekea kiti kizuri cha sebuleni. Chai alimpa katika kikombe chenye kisahani, vile vinavyotolewa kabatini wanapokuja watu. Binti wa watu alipoinuka kukusanya vyombo, mama mkwe alimnyang'anya kwa upole akisema mgeni haoshi vyombo. Mwezi wa kwanza tulicheka, tukasema amepata mama. Kufikia wa tatu, Msusi alikuwa akinywa chai katika kikombe kile kile chenye kisahani huku mumewe na mama mkwe wakinywa katika vikombe vya bati jikoni, na sauti zao zikimfikia kupitia ukutani.

Siku za kukamua zilikuwa mbaya zaidi. Msusi alikunja mikono ya blauzi, akaomba kushika ncha. Bi Pamba alimshukuru. Kisha akafunga ncha ile kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, akaanza kulizungusha blanketi peke yake, akihema, mwanamke wa umri ule, huku mkwe wake kijana amesimama kando na mikono mitupu. Alikubali nguzo, mtu hapana.

Na chumbani je? Hilo Msusi aliniambia mwenyewe, siku aliyokuja kunisuka, akiwa nyuma yangu nisimwone uso.

"Mama, mimi nimeolewa na mgongo."

Mumewe, alisema, hulala kwenye kiti cha chumbani. Akipanda kitandani hugeukia ukuta. Hamkemei, hampigi, humuuliza kama amekula. Aliniambia pia nia yake. Hakuja kwenye nyumba ile kunywa chai. Baridi ikiisha na mume hajamgeukia, atarudi kwao, na watu waseme watakavyo. Nilimwomba avute subira. Nikamwambia jina la nyumba halijengwi kwa miezi michache. Akanijibu kwamba yeye hakuja kujenga jina, alikuja kuwa mke. Nilikwenda kwa wifi yangu siku iliyofuata, nikamweleza kwa lugha nzito kwamba binti huyu akiondoka aibu itakuwa yetu sote, na kwamba yeye kama mama wa nyumba ana wajibu wa kumfunga mkwe wake pale.

"Wajibu," alisema wifi yangu. "Sawa. Nitawashonea mfarishi."

Nilirudi kwangu nimeridhika.

Mfarishi huo aliushona huku mlango wake umefungwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, maana sakafu ya sebule ndiyo iliyokuwa meza yake. Siku hizo pipa halikuwashwa moto. Sikulitilia maanani. Ulipokwisha alituita jioni, mimi, Msusi na wanawake wawili watatu wa mtaani, akaufunua. Ulikuwa mweupe na buluu, vipande vidogo vidogo kama vigae, mishono imesimama sawa. Sijaona kazi yake nyingine iliyoufikia. Alimzungushia Msusi mabegani mwenyewe.

"Ndani nimekutilia blanketi bora kuliko yote yaliyopita mikononi mwangu," alisema.

Msusi aliinama akambusu mikono, akalia mbele ya watu. Wanawake wa mtaa wakafuta macho. Mimi nilimtazama wifi yangu nikaona anatabasamu, nikasema moyoni kwamba kumbe ana moyo.

Na mambo yalibadilika. Usiku huo fundi saa hakukaa kwenye kiti. Alipanda kitandani, akavuta mfarishi mpaka usoni, akalala kama mtoto aliyechoka. Ikawa hivyo kila siku. Akitoka kazini alikula upesi, akaingia kulala. Msusi alinong'ona kwangu, akiona haya na furaha pamoja, kwamba mumewe sasa hataki kutoka kitandani asubuhi, kwamba hujifunika mfarishi wote na kuukumbatia, hata yeye hubaki pembeni bila kitu akitetemeka, na hajali. Mara moja, alisema, mumewe alimgeukia gizani na kumshika mkono. Kwake huo ulikuwa mwanzo. Alianza kuimba akisuka.

Asubuhi, mbele ya wateja, Bi Pamba alikuwa akimuuliza: "Mwanangu amelala?"

"Amelala, mama. Mfarishi wako una dawa."

"Unayo," alijibu Bi Pamba, na wateja wakaangua kicheko wakidhani ni yale mambo ya chumbani, na Msusi naye akacheka pamoja nao, ameficha uso kwa kanga. Alimshukuru mama mkwe kila asubuhi. Kila asubuhi mama mkwe alizipokea shukrani hizo, akazila kama mtu anayekula taratibu kitu kitamu asitake kiishe.

Baridi ilipoanza kulegea, Msusi alitaka kumrudishia hisani. Siku hiyo Bi Pamba alitoka kupeleka kazi ng'ambo ya mji, na mwanawe alikuwa kwenye kibanda chake cha saa. Msusi aliuona mfarishi umeshika harufu, kama ya dawa na moshi, harufu ambayo ilikuwapo tangu mwanzo na ambayo yeye, mwenye pua ile, aliifikiria kuwa ya kabati la mama mkwe. Akasema aufue ung'ae, ili wote wawili warudi waukute unanukia jua. Hakuogopa maji ya moto. Alikwishasikia mara ngapi kwamba mifarishi ya nyumba ile haiyaogopi? Aliwasha moto chini ya pipa.

Mimi nilifika nikiwa na blanketi langu la kujazia. Nilimkuta ameuning'iniza kwenye kamba, amesimama mbele yake mikono imeshika kichwa. Vile vigae vyeupe na buluu vilikuwa vimejikunja, vimevutwa kwa ndani kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Kutoka kila mshono yalichuruzika maji mekundu. Bitana yote ilikuwa imeshakuwa waridi. Chini palikuwa na dimbwi.

"Mama," aliniambia, "wekundu huu umetoka wapi? Hakuna kipande chekundu hata kimoja."

Niliujua wekundu ule. Niliuchagua mwenyewe dukani kati ya mablanketi ya rangi nyingine. Sikupata muda wa kufikiri nimwambie nini, kwa sababu fundi saa aliingia kula chakula cha mchana. Alisimama kwenye mlango wa uani. Akaja mpaka kwenye kamba, akaushika mfarishi kwa mikono miwili, akaubandika usoni, maji yakimchuruzikia kwenye shati. Akanusa. Akahamia upande wa pili, akanusa na huko. Kisha akauachia.

"Umemfua," alisema.

"Nimefua nini?"

"Umemfua."

Akakaa juu ya karai lililopinduliwa, akaanza kulia kwa sauti. Hakulia hivyo hata makaburini. Hapo nikaelewa kwamba alijua tangu usiku wa kwanza. Hakuna aliyemwambia. Alijifunika tu, akajua, akanyamaza, na akawa anakwenda kulala mapema.

Msusi alinigeukia. "Mama, nimemfua nani?"

Ilibidi mtu amjibu. Nilimwambia lile ni blanketi la nani na nani alikufa ndani yake. Nilimwambia kwa maneno machache, kama daktari. Hakupiga kelele. Alianza kujifuta mikono kwenye gauni, akaifuta tena, akaendelea kuifuta baada ya kukauka. Nadhani alikuwa akihesabu asubuhi zote zile alizoshukuru, na kujiuliza ule mkono uliomshika gizani ulikuwa ukimtafuta nani.

Bi Pamba alirudi katikati ya haya. Aliutazama mfarishi kwanza, kabla ya watu.

"Nani amekwambia uutie maji ya moto?"

"Wewe, mama. Unawaambia wateja wote."

"Wateja. Wewe si mteja."

"Mimi nani, basi?"

Wifi yangu alivua viatu vyake vya safari, akaviweka sawa ukutani.

"Mwanangu alikuwa hawezi kulala," alisema. "Akapata kulala. Au ulidhani ni wewe?"

Nimesikia watu wakitukanana mitaani kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na hakuna lililokata kama hilo. Msusi alimtazama mumewe juu ya karai, akimngoja aseme neno. Mume aliendelea kulia. Basi yeye akauvuta ule mfarishi kutoka kwenye kamba, ukiwa umelowa hivyo hivyo, akaukunja, akajitwika kichwani bila kata, akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni nikimsihi asubiri ukauke, asubiri jioni, apitie njia ya nyuma. Alipita njia kuu, mchana, watu wakiwa madukani, maji mekundu yakimshuka usoni, mabegani na mgongoni. Hiyo ndiyo damu wanayoizungumzia.

Tulikaa kikao cha ukoo. Niliwaambia kwamba jambo hili linaweza kutengenezwa, na ninaamini hivyo mpaka leo. Kila nyumba ina blanketi la marehemu. Watu hawalichomi. Wanalifua, wanalitumia, na kutia blanketi kuukuu ndani ya mfarishi si kosa, ndiyo kazi yenyewe. Kitu kimoja tu ndicho kinachotenganisha ubahili wa kawaida na unyama: kwamba lilichemshwa. Blanketi lililochemshwa ni kitambaa tu. Nilimkalisha wifi yangu nikamfundisha la kusema: nililichemsha kama mengine, nilitumia lililokuwapo, sikufikiri, mnisamehe. Nilimkaririsha. Fundi saa alimpigia mama yake magoti, akisema anamtaka mkewe arudi, kwamba ameshazoea sauti yake ndani ya nyumba. Lilikuwa dogo, lakini kwake yeye lilikuwa neno kubwa, na mimi nililishika. Bi Pamba akakubali. Alivaa vizuri, akajitanda, tukaenda sisi wawili na fundi saa.

Kwao Msusi walikuwapo yeye, mama yake, ambaye alikuwa mpishi wa shule, na mjomba wake aliyesema kwa niaba yao. Mfarishi ulikuwa mezani katikati ya chumba, umekauka, mgumu, umekunjamana, mfupi hata mtoto usingemtosha. Niliongea mimi. Nilieleza kazi ya wifi yangu tangu kwenye pipa mpaka kwenye sindano, nikaeleza uhaba wa mablanketi mazuri, nikaomba radhi kwa kutofikiri. Nilisema vizuri. Mama yake Msusi alitikisa kichwa kukubali, akasema hata yeye analala na blanketi la marehemu mumewe, mtu atafanyaje. Mjomba alikuwa ameshalegea kwenye kiti. Wifi yangu alipoulizwa alisema kama alivyofundishwa, neno kwa neno: nililichemsha kama mengine.

Kisha Msusi akaomba kuuliza.

"Mama, nauliza habari za kazi tu, si ugomvi." Alikuwa amefumua pembe moja. Alilivuta lile blanketi jekundu kidogo nje, limeshikana na kuwa gumu kama soli. "Ulilichemsha?"

"Nimeshasema."

"Basi hukulichemsha vizuri. Limetoa rangi, limesinyaa. Nimekusikia mwenyewe ukisema kwamba lililochemka halifanyi hivyo."

Mjomba akacheka. "Kumbe na fundi naye hukosea," alisema, na mama mtu akatabasamu, na hata mimi nikatabasamu. Nilimwangalia Msusi nikaona hana hila usoni. Alikuwa amechoka. Nasema hivi kwa haki yake: alikuwa anamfungulia mlango. Bi Pamba angesema tu, ndiyo, nilikosea, nimezeeka, tungecheka wote, chai ingeletwa, na binti yule angerudi pamoja nasi jioni hiyo. Fundi saa alikuwa ameshashika kofia yake. Nilimbonyeza wifi yangu goti.

Alinyosha mkono, akaushika ukingo wa blanketi kati ya vidole viwili, kama alivyoshika la mteja yeyote.

"Blanketi nililolichemsha mimi halitoi rangi," alisema.

"Wifi," nilimwambia.

"Halitoi. Mwulizeni mtu yeyote. Hili sikulichemsha."

Mama yake Msusi alimwuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakulichemsha.

"Lingepoteza harufu yake," alijibu wifi yangu. "Ningekuwa nimetia kitambaa tu."

Hakuna aliyecheka tena. Mama yake Msusi aliinuka, akaukunja ule mfarishi vizuri, kama mtu anayeheshimu nguo, akauweka juu ya mapaja ya Bi Pamba, akaenda kufungua mlango. Mjomba alisema yaliyobaki yatazungumzwa na wanaume siku nyingine, nayo yalizungumzwa, yakaisha. Msusi alikuwa akimtazama mumewe. Nilimtazama na mimi. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na hata kipofu angeiona. Fundi saa alisimama, akapita katikati ya chumba, akamwinamia mama yake na kuuchukua mfarishi kutoka mapajani pake, akaubeba yeye. Akatoka nao. Nilimwona Msusi akigeuza uso kuelekea ukutani.

Njiani wifi yangu alitangulia, mgongo umenyooka. Nilimfikia, nikamwuliza anajua amefanya nini.

"Ulitaka niseme sijui kuchemsha blanketi?"

Nilimwambia nilitaka aseme hivyo kwa ajili ya mwanawe.

"Mwanangu ana mama," alisema. "Kazi yangu ina nani?"

Sikumsamehe, na alilijua hilo. Nilidhani mtaa nao hautamsamehe. Wiki kadhaa watu walifumua pembe za mifarishi yao wakachungulia, wakakuta sufu iliyochemka, safi, haina harufu ya mtu. Baada ya hapo wateja walimjia kuliko mwanzo. Walisema, mwanamke aliyekubali kumvunjia mwanawe nyumba kuliko kusema uongo juu ya blanketi, huyo mpe blanketi lako. Alishona mpaka macho yakamwisha, akikamua kwa kufunga ncha kwenye nguzo, na mwanawe amekaa ndani nyuma ya dirisha na saa zake, hajaoa tena na hakuna aliyemtaka aoe. Bi Pamba alikufa mwaka jana. Alipofariki nilimfunika mwenyewe, kwa shuka jipya.

Msusi aliolewa kwingine. Ana chumba chake cha kusukia karibu na soko, na watoto. Mtu akimuuliza habari ya damu hujibu kwamba hajui, na kwa hilo familia yetu ina deni kwake ambalo hakuna kikao kitakacholijadili. Nikipita pale, mimi niliyemzidi umri kwa miaka mingi na ambaye watu wa mtaa mzima hunianza kwa salamu, husimama na kumsalimia kwanza. Hunijibu vizuri. Vidole vyake haviachi kusuka.